Mtoto wa Maabara na Haki ya Kihamba

Mjadala wa upandikizaji mimba nchini mwetu kwa kawaida huishia kwenye maswali mawili: kama jambo hilo ni halali mbele ya Mungu, na kama fedha zake zinapatikana. Yote mawili ni maswali ya haki, wala sina nia ya kuyadharau. Hata hivyo, hapa Moshi, ambako ardhi, jina la ukoo na heshima ya ndoa vimefungamana ndani ya kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye makazi, lipo swali la tatu ambalo halijaulizwa ipasavyo: mtoto aliyetungwa kwa msaada wa maabara atakuwa wa nani siku wazazi wake watakapoachana, au siku baba atakapofariki na ndugu zake wakakaa kikao cha mirathi? Ninavyoona, teknolojia hii haiji kuvunja familia. Hatari ni kwamba inaingia katika ndoa ambamo mwanamke hubeba lawama na maumivu, mwanamume hubaki na jina na kauli ya mwisho, na sheria imefungua njia ya kupima vinasaba (DNA) bila kusema lolote kuhusu ridhaa iliyotolewa kabla mtoto hajatungwa.

Ukubwa wa tatizo hauna ubishi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbana na ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake, yaani kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na kiwango hicho hakikutofautiana sana kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Kinachotofautiana ni sababu, na pia tiba iliyo karibu na mgonjwa. Katika ukanda wetu sababu moja kubwa, hasa kwa wanawake waliowahi kuzaa mtoto mmoja kisha wakakaa miaka bila kupata wa pili, ni mirija ya uzazi kuziba kutokana na maambukizi: klamidia na kisonono ambavyo havikutibiwa mapema, maambukizi ya baada ya kujifungua, na yale yanayofuata utoaji mimba wa kificho. Mtoto wa kwanza wa upandikizaji mimba, Louise Brown, aliyezaliwa Oldham nchini Uingereza tarehe 25 Julai 1978, alitafutwa kwa njia hiyo kwa sababu mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walichofanya ni kuikwepa mirija hiyo: walilitoa yai mwilini, wakalikutanisha na mbegu ndani ya chombo cha maabara, kisha wakakirudisha kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kwenye mfuko wa uzazi. Kwa hiyo teknolojia hii ilibuniwa kwa ajili ya tatizo lilelile linalowaliza wanawake wa Majengo na Pasua hapa Moshi, ila kwetu tatizo hilo mara nyingi lingezuilika kwa vidonge vya bei ndogo kama mume na mke wangetibiwa kwa wakati mmoja. Mke akitibiwa peke yake huku mume akiendelea kuleta maambukizi kutoka nje, dawa inakuwa haina kazi na mirija inazidi kuharibika.

Hapo ndipo uhusiano wa mume na mke unapojitokeza ndani ya jambo linaloitwa la kitabibu tu. Desemba, familia zinaporudi kutoka Dar es Salaam na Nairobi kwenda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, maswali kuhusu mtoto huelekezwa kwa mke. Shangazi wa mume humvuta pembeni, mama mkwe huuliza kwa mafumbo, na mume naye hupewa ushauri wa namna nyingine kabisa, wa kutafuta mtoto nje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya mke mmoja igeuzwe kuwa ya wake wengi iwapo wanandoa wote wawili wataridhia, isipokuwa ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani, nayo ndiyo iliyo nyingi huku kwetu. Matokeo yake ni kwamba pale ambapo sheria haitoi nafasi ya mke wa pili, nafasi hiyo hutafutwa pembeni, na mtoto anayepatikana huko huletwa kihambani akiwa uthibitisho kwamba kasoro ilikuwa kwa mke. Wakati mwingine huo si uthibitisho wa kitu chochote, kwa kuwa hakuna aliyempima baba.

Na kipimo cha mbegu za kiume ndicho chepesi kuliko vyote katika safari hii. Mwanamume hujizuia siku chache, hutoa shahawa kwenye kikopo, na mtaalamu wa maabara mwenye hadubini huhesabu mbegu, hutazama mwendo wake na umbo lake. Hakuna kisu, hakuna dawa ya usingizi. Upande wa mwanamke kuna altrasaundi inayopitishwa ukeni, kuna damu ya kupima homoni inayochukuliwa siku maalumu za mzunguko wa hedhi, na kuna picha ya eksirei ya mirija, ambapo dawa hupitishwa kwenye shingo ya kizazi na wengi hutoka humo wakilia kwa maumivu. Ukifuata akili ya kitabibu, na hata ya mfuko, mume ndiye angetangulia kupimwa, au angalau wangepimwa wote juma lilelile, kwa sababu upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vyote vya kukosa mtoto. Kinachofanyika ni kinyume chake. Mke huanza, huenda peke yake, hurudia vipimo vilevile katika hospitali nyingine, hununua dawa za kusafisha kizazi zinazotangazwa redioni na kuuzwa karibu na stendi, huenda kwa mganga, huenda kwenye maombi, na faili lake huzidi kunenepa wakati la mume halijafunguliwa.

Mume hukwepa kwa sababu amechanganya nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba, na jamii nzima imemsaidia kuchanganya. Haya ni mambo mawili tofauti. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zake zote na shahawa yake isiwe na mbegu hata moja: huenda njia za mbegu zimeziba, huenda alipata matumbwitumbwi yaliyoshuka kwenye korodani baada ya kubalehe, huenda kuna hitilafu aliyozaliwa nayo. Mwingine ana mbegu chache kwa sababu ya mishipa iliyovimba kwenye korodani, hali ambayo kwa baadhi hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Nikiwa mwanamume niliyekulia katika mila hizi, nasema bila kusitasita kwamba kumwacha mke ahangaike miaka mitano kwa sababu ya hofu ya kikopo ni ukatili, hata kama hakuna aliyeinua mkono.

Sayansi yenyewe imeufuata mkondo huu wa kumbebesha mwanamke mzigo, pengine bila kukusudia. Mwaka 1992 Gianpiero Palermo na wenzake wa Brussels walitangaza mimba za kwanza zilizopatikana kwa kudunga mbegu moja tu ndani ya yai. Mbinu hiyo ilikuwa faraja kubwa kwa wanaume: hata yule ambaye mbegu zake lazima zitolewe kwenye korodani kwa sindano anaweza sasa kupata mtoto wa damu yake. Lakini tazama ni mwili wa nani unaotibiwa. Kasoro iko kwa mume, na anayechomwa sindano za homoni kila siku kwa siku zipatazo 10 hadi 12, anayefanyiwa altrasaundi mara kwa mara, anayeingizwa sindano ndefu kupitia ukeni ili mayai yavunwe, na anayebeba hatari ya vifuko vya mayai kuvimba kupita kiasi, ni mke. Viinitete viwili au vitatu vikipandikizwa kwa pamoja ili fedha zisipotee, mimba ya mapacha pamoja na hatari ya kuzaa njiti ni mzigo wake yeye tena. Na mimba isipotunga, ukoo ambao haukuwahi kuambiwa chochote kuhusu mbegu za mtoto wao utasema kwamba hata kwa madaktari wakubwa alipelekwa na ikashindikana.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo mwanamke aliyepika, kufua na kulea kwa miaka mingi aliweza kuambiwa hakuchuma kitu. Msingi wa uamuzi ule unaweza kupanuliwa hadi hapa nilipo. Mwanamke aliyepitia mizunguko mitatu ya kuvunwa mayai ametoa mchango ambao hauonekani kwenye risiti, na ndoa ikivunjika isiwe kwamba anayehesabiwa kugharamia ni yule tu aliyelipa kliniki.

Fedha zenyewe si haba. Mzunguko mmoja katika kliniki binafsi za Dar es Salaam au Nairobi huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na kwa kawaida hutoka mfukoni mwa wanandoa. Kwa mtu wa Moshi au Arusha, Nairobi ipo karibu kuliko Dar es Salaam, na kwa kuwa watoto wa kwanza wa upandikizaji mimba nchini Kenya walizaliwa mwaka 2006, wengi wa huku wamezoea kupita Namanga au Holili kutafuta huduma hiyo. Wanaouza huduma hawasemi vya kutosha kuhusu uwezekano wa kushindwa. Hata Uingereza, ambako matokeo huchapishwa na mamlaka ya udhibiti, kiinitete kimoja kilichopandikizwa kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 huzaa mtoto takriban mara moja katika kila tatu, na uwezekano huo huporomoka baada ya miaka 40 kwa anayetumia mayai yake mwenyewe. Novemba 2023, mwanamke wa miaka 70 alipojifungua mapacha jijini Kampala, habari ile ilisambaa kila kona na wanawake wengi waliokwisha kukata tamaa wakapata tumaini jipya. Wachache waliosoma hadi mwisho walijua kuwa mayai yalikuwa ya mwanamke mwingine. Jambo hilo si la aibu hata kidogo, lakini linabadilisha kabisa maana ya uamuzi anaoufanya mtu anayeuza ng'ombe au kukopa kwenye chama ili aende kliniki.

Yai la mwanamke mwingine, mbegu ya mwanamume mwingine: wengi wetu husikia maneno haya na kusema kuwa ni mambo ya Wazungu. Sikubaliani. Jamii zetu zilijua muda mrefu kwamba aliyemtunga mtoto na anayeitwa mzazi wake wanaweza kuwa watu tofauti. Kwa Wakurya wa Mara, katika desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke mkubwa asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hulipa mahari na kumwoa mwanamke mdogo, ambaye huzaa na mwanamume aliyekubaliwa, na watoto huwa wa nyumba ya yule mwenye mahari. Kwa Wamaasai wa Monduli na Longido, mtoto wa mke aliyeolewa kwa ng'ombe huhesabiwa kuwa wa mume mwenye boma, bila kufanyiwa uchunguzi wa damu. Na ni familia gani ya Kilimanjaro isiyo na mtoto aliyelelewa na shangazi au bibi hadi akamwita mama? Sizitaji desturi hizi ili tuzirudishe zilivyo. Katika nyumba ntobhu binti mdogo mara nyingi hakuulizwa kama anataka, na mahari yake ilikuwa mikononi mwa wengine. Nazitaja kwa sababu zinathibitisha kwamba uzazi kwetu ulikuwa pia ahadi iliyotolewa mbele ya watu, na ahadi hiyo ilimlinda mtoto hata pale ambapo kila mtu alijua mbegu ilitoka wapi.

Ahadi ya namna hiyo ndiyo inayodhoofishwa leo na kipimo cha vinasaba. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, kazi ya kupima nasaba imekuwa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha, na maombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa kama mahakama na maofisa ustawi wa jamii. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Mtoto, ambayo inataja mambo yanayoweza kutumika kuthibitisha uzazi: jina lililoandikwa kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kumtambua mtoto hadharani, na majibu ya vinasaba. Ni orodha nzuri. Inawatambua wazee wa ukoo, inaitambua RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na inaitambua maabara. Sheria ile imewasaidia wanawake wengi ambao wanaume waliwapa mimba na kuwakana, na mtu yeyote anayejali haki za wanawake anapaswa kuitetea.

Sasa chukua mfano wa wanandoa wa Machame ambao mume, baada ya kupimwa, hakuwa na mbegu. Wanakubaliana watumie mbegu za mfadhili asiyejulikana, yaani mwanamume anayetoa mbegu zake kwa ajili ya wengine. Mume anasaini fomu ya kliniki, anamsindikiza mke, anampa mtoto jina la babu yake, anamwandikisha, anamtambulisha kwa ukoo. Baada ya miaka 15 mume anafariki. Kihamba kiko kando ya barabara ya lami na thamani yake imepanda mara nyingi. Kaka wa marehemu aliyewahi kusikia tetesi anaomba vinasaba vipimwe, na majibu yanasema kile ambacho wazazi walikijua siku zote. Rejista ya vizazi, sherehe ya kimila na kutambuliwa hadharani vinasimama upande mmoja, maabara inasimama upande mwingine. Hakuna kifungu kinachomwambia hakimu kwamba mume aliyeridhia kutumia mbegu za mwingine ndiye baba, hapo basi mambo yaishe. Mirathi yetu inaendeshwa kwa mifumo mitatu, wa kimila, wa Kiislamu, na wa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, na hakuna hata mmoja uliowekwa wakati yai likiweza kurutubishwa nje ya mwili. Mtoto atakuwa amezaliwa kihalali katika nyumba yake mwenyewe na atafukuzwa humo kwa karatasi ya maabara.

Mbaya zaidi, mume mwenyewe anaweza kuitumia karatasi hiyo akiwa hai. Ndoa ikiharibika, yule aliyeridhia anaweza kugeuka na kudai kwamba mtoto si wake, na mke akajikuta anatuhumiwa uzinzi kwa tendo ambalo walilipanga wote wawili na kulilipia. Fomu ya ridhaa ipo kliniki, pengine Nairobi, pengine kliniki imeshafungwa. Mwanamke anabaki na neno lake dhidi ya sayansi, na katika mahakama ya mtaani tunajua nani atashinda.

Nchi nyingine zimeliona hili. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1990, ilitamka kuwa mume wa mwanamke aliyepata mimba kwa mbegu za mfadhili ndiye baba, isipokuwa ikithibitika kuwa hakuridhia. Afrika Kusini iliweka jambo hilohilo katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2005: mtoto aliyepatikana kwa kutumia mbegu au yai la mtu mwingine ni mtoto wa wanandoa walioridhia, kana kwamba mbegu na yai ni vyao. Nchini Kenya mbunge Millie Odhiambo amepigania muswada wa teknolojia ya uzazi kwa miaka mingi na kwa mabunge zaidi ya moja. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa kifungu kimoja tu ndani ya Sheria ya Mtoto, na hatuhitaji kusubiri hadi tuwe na sheria nene inayojibu kila swali la sayansi.

Viinitete vilivyogandishwa navyo vina ugomvi wake. Wanandoa wakipata viinitete sita na kupandikiza kimoja, vilivyosalia huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika kwa miaka. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la Natallie Evans, Mwingereza aliyevunwa mayai kabla vifuko vyake vya mayai havijaondolewa kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukielekea kuwa saratani, na ambaye mchumba wake wa zamani aliondoa ridhaa baada ya kuachana. Viinitete vile vilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kupata mtoto wa damu yake, na mahakama ilisema sheria inayompa kila mmoja haki ya kujitoa kabla ya kupandikiza haikukiuka haki zake. Niliposoma uamuzi ule kwa mara ya kwanza niliuona mkali mno. Bado unaniuma, lakini kanuni yake ya kwamba hakuna anayefanywa mzazi bila ridhaa iliyo hai inafaa zaidi kuliko kanuni nyingine ninayoweza kuifikiria. Ningeongeza jambo moja kwa ajili yetu: mume akifariki baada ya kuacha ridhaa ya maandishi kwamba mke aendelee, basi ukoo usiwe na kura, wala wa kumzuia wala wa kumlazimisha.

Kuhusu kukodi tumbo la mwanamke mwingine, msimamo wangu ni wa tahadhari. India ilikuwa soko kubwa la biashara hiyo hadi ilipoipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2021 na kubakiza tu ile isiyo na malipo. Afrika Kusini hutaka mkataba uthibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijatungwa. Kwetu, nikifikiria ni nani atakayeombwa kubeba, namwona dada wa kazi aliyetoka kijijini, anayelala nyumbani kwa wanaomwomba na kula chakula chao. Ridhaa yake haiwezi kuwa huru. Kwa ndugu wa karibu, kwa mfano dada anayembebea dada yake aliyeondolewa kizazi, naona mlango unaweza kufunguliwa, kwa idhini ya mahakama na bila malipo zaidi ya gharama halisi za ujauzito. Kwa mtu baki, na kwa fedha, hapana.

Kuna wanaotazama mbali zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Philadelphia walieleza jinsi walivyowaweka wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati ndani ya mfuko wenye kimiminika kwa muda wa hadi wiki nne, na mwaka 2023 kundi la Katsuhiko Hayashi nchini Japani lilipata watoto wa panya kutokana na mayai yaliyotengenezwa kwa seli za panya dume. Tangu miaka ya 1970 wapo watetezi wa haki za wanawake katika nchi za Magharibi waliosema kwamba mwanamke atakuwa huru siku mashine itakapobeba mimba badala yake. Nikiwatazama akina mama wanaoteremka na mikungu ya ndizi hadi soko la Mbuyuni alfajiri, sioni kwamba miezi tisa ya mimba ndiyo iliyowafunga. Kilichowafunga ni miaka inayofuata: kuogesha, kulisha, kuuguza, kulipa ada, kukaa na mkwe mgonjwa. Mfuko wa Philadelphia haufanyi hata moja kati ya hizo. Mwanamume aliyepo nyumbani anaweza kuzifanya zote, na hahitaji kugunduliwa.

Familia zetu zinabadilika hata bila maabara. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, kutoka 5.2 katika utafiti wa 2015–2016, na mijini wastani ni 3.6. Mjini Arusha, pamoja na utalii wake na ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna wanawake wenye kipato chao waliofika miaka 35 bila kuolewa na wasiotaka kuolewa ili tu wapate mtoto. Baadhi yao wameanza kuulizia kugandisha mayai. Wanalaumiwa kwamba wanaua ndoa. Mimi naona wanakataa ndoa ya namna moja, ile ambayo mtoto ni mtihani wa mke na ni urithi wa mume, na kama tunataka waichague ndoa ni vema tuibadilishe hiyo kuliko kuwazuilia mlango wa kliniki.

Viongozi wa dini watapinga sehemu ya haya, na wana hoja zao za tangu zamani. Kanisa Katoliki lilikataa utungaji mimba nje ya mwili katika waraka wake wa mwaka 1987. Al-Azhar mwaka 1980 iliruhusu upandikizaji kati ya mume na mke walio ndani ya ndoa na kukataza mbegu au yai la mtu wa tatu. Hospitali zetu nyingi huku kaskazini ni za makanisa, KCMC yenyewe ikiwa ni ya Shirika la Msamaria Mwema, na ni haki yao kutotoa huduma ambayo dhamiri yao inaikataa. Wanayoweza kuyafanya bila kugusa mafundisho yao ni makubwa: kutibu maambukizi kwa mume na mke kwa pamoja, kutofungua faili la ugumba la mtu mmoja, na kuwafundisha wachumba wakati wa mafundisho ya ndoa kwamba ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili. Padri, mchungaji au shehe akiyasema hayo mbele ya ukoo atakuwa amewasaidia wanawake wengi kuliko kliniki yoyote.

Upande wa sheria, ninapendekeza kwamba ridhaa ya wanandoa iandikwe mbele ya ofisa ustawi wa jamii au wakili kabla matibabu hayajaanza, nakala ihifadhiwe na RITA kwa siri, na Sheria ya Mtoto itamke kuwa ridhaa hiyo ikiwapo, majibu ya vinasaba hayawezi kutumika kumkana mtoto wala kumnyima mirathi. Kliniki ziwajibike kutunza kumbukumbu za wafadhili, kwa sababu mtoto naye ana haki ambayo si ya baba wala ya mama. Uingereza iliondoa usiri wa wafadhili waliojiandikisha kuanzia Aprili 2005, na mtoto akifikisha miaka 18 anaweza kuomba jina. Ningependa na sisi tuweke umri huohuo, na haki hiyo iwe ya mtoto peke yake: si ya baba mkubwa, si ya shangazi, wala ya yeyote anayekitolea macho kihamba.